Kifua Kilichonirudisha Mikumi

Sikwenda Kilosa kutembea. Nilikwenda kutafuta maandishi ya ugonjwa niliougua nikiwa na miaka sita, kwa sababu bila maandishi hayo nisingeruhusiwa kumfikia mwanangu wakati wa kujifungua.

Nieleze kidogo. Kwa miaka saba nilikuwa mpishi wa shule katika nchi ya mbali, ambayo jina lake naliacha maana watu wake wengi walinitendea wema. Huko, mgeni anayefanya kazi hupigwa picha ya kifua kila kibali chake kinapokaribia kuisha. Mara mbili picha zangu zilipita bila neno. Mara ya tatu daktari aliona kivuli kwenye pafu la kulia, akaita mkalimani. Mkalimani alikuwa bwana mpole, aliyejifunza Kiswahili chake darasani. Akaniuliza, "Umewahi kuugua kifua?" Nikamjibu kwa moyo mweupe kwamba ndiyo, utotoni, tena nililazwa Mikumi. Nilikuwa najibu kama mtu anayesimulia habari za kwao. Akaandika. Wiki mbili baadaye nilikuwa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam na begi moja, na karatasi inayosema nina kifua kikuu cha zamani na sitakiwi kuingia nchi ile tena maisha yangu yote.

Aliyebaki huko ni Zawadi, mwanangu wa pekee. Alinifuata, akapata kazi, akaolewa na dereva Mtanzania, na niliporudishwa alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza. Kwetu binti akizaa mara ya kwanza mama yake hukaa naye siku arobaini. Humkanda kwa maji ya moto, humpikia uji wa pilipili manga, humwogeshea mtoto hadi mikono ya binti izoee. Mimi nilifanyiwa hivyo na marehemu mama yangu, na sikuwahi kuwaza kwamba mwanangu atayakosa. Zawadi akatafuta mwanasheria huko huko. Akaambiwa zuio linaweza kupingwa ndani ya siku sitini, nikileta vitu viwili: vipimo vya kuonyesha kwamba siumwi, na ushahidi kwamba ule ugonjwa wa zamani ulitibiwa mpaka mwisho. Vipimo nilifanya Dar es Salaam, makohozi yakawa safi. Ushahidi ulikuwa Mikumi, kama bado upo. Siku ishirini na mbili zilikuwa zimeshapita.

Asubuhi ya Jumatatu nilipanda treni ya umeme. Nilipokuwa mdogo, safari ya Dar ilikuwa ya siku nzima, na madirishani watu walikuuzia ndizi, miwa na mayai ya kuchemsha, ukafika umeshiba na nguo zimejaa vumbi. Sasa nilikaa kwenye kiti cha kitambaa, dirisha limefungwa, na vilima vilipita haraka hata sikupata nafasi ya kuvisalimu. Ni treni nzuri, siisemi vibaya. Ila nilikumbuka ndizi.

Kilosa nilishuka kabla ya saa sita, nikatafuta bodaboda wa kunipeleka Ulaya, kijiji anachoishi mama yangu mdogo. Nilimchagua mwanamume wa umri wangu, mwenye kofia ngumu ya ziada kwa ajili ya abiria. Jina lake Baba Shukuru. Aliniuliza natoka wapi, na mimi, kwa kuwa nilikuwa na hasira iliyokosa pa kwenda, nikamwambia nimefukuzwa nchi za watu, sasa naenda Ulaya.

"Umefanya vizuri," akasema huku akifunga begi langu nyuma. "Ulaya yetu hii haina viza. Unapanda tu."

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu nirudishwe. Utani huo nilizaliwa nao. Watoto wa Kilosa wote tumewahi kumdanganya mgeni kwamba shangazi yetu anaishi Ulaya na analima mpunga.

Njiani nilimwomba azunguke kupitia Kilangali. Haikuwa njia yetu, lakini nilikulia pale, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la mbegu. Baba yangu aliendesha trekta. Mama alikuwa kibarua wa kung'oa mpunga mgeni. Kazi hiyo huenda haijulikani kwa wengi. Shamba la mbegu halitakiwi kuchanganyika, kwa hiyo wanawake hupita mstari kwa mstari wakitazama mche mmoja mmoja. Uliozidi kimo au wenye suke la rangi nyingine wanaung'oa, hata kama ni mzima na umezaa vizuri. Mama alikuwa na jicho kali kwa kazi hiyo. Jioni miguu yake ilinuka tope na majani, na mimi niliipenda harufu ile kuliko manukato yoyote niliyokuja kuyajua baadaye.

Mavuno yalikuwa yanaendelea. Nilisimama kwenye tuta, nikawatazama wanawake walioinama, nikamtafuta mama kati yao ingawa najua amelala makaburini kwa miaka tisa sasa. Nikawaza pia juu ya mpunga mgeni, kwa jicho la mche unaong'olewa. Baba Shukuru alizima pikipiki, akaniacha nilie mpaka nilipomaliza.

Saa tisa alasiri tulifika Ulaya. Mama mdogo Eliza, mdogo wake mama, alikuwa kwenye turubai akianika mpunga. Ana zaidi ya miaka sitini na mgongo wake bado umenyooka. Nilipiga goti nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Au ni kile kifua kimerudi?"

Habari ya kufukuzwa kwangu ilikuwa imeshafika. Tulikula ugali na mlenda, tukawataja waliokufa na waliooa, kisha nikamuuliza kilichonileta. Akasema anakumbuka vizuri sana. Ilikuwa mwaka mmoja kabla sijaanza darasa la kwanza. Nilipata homa, nikahema kwa shida siku tano, mama akanibeba mgongoni hadi relini, tukapanda treni ya Kidatu tukashuka Mikumi. Yeye Eliza, wakati huo msichana, alikuja nyuma yetu na sufuria na unga.

"Kilikuwa kifua kikuu?" nikamuuliza.

"Kilikuwa kifua, Vero. Mimi si daktari. Kilikujaa, kikatokea hapa, ukapona."

Aliponiambia "hapa" alinyoosha mkono akanigusa chini ya kwapa la kulia, juu ya gauni, wala hakukosea mahali. Nina kovu dogo pale, refu kama ukucha wa kidole gumba. Mama naye alikuwa akisema hivyo hivyo kila akiniogesha: hapo ndipo kifua kilipotokea. Mimi niliamini ni chale za mganga, na kwamba maneno yale ni ya kumtuliza mtoto. Kwetu kila kinachouma kati ya shingo na tumbo huitwa kifua, na kifua kikiondoka watu hushukuru bila kuuliza kilitokea wapi.

Asubuhi iliyofuata, nikimsubiri Baba Shukuru, nilisikia mlio uwanjani. Watoto wa jirani walikuwa wamekata mabua ya majani ya mpapai, wakiyapuliza kama tarumbeta. Mama mdogo akaanza kucheka peke yake.

"Wewe ulirudi na bua kama hilo kutoka hospitali. Hata kanisani ulikwenda nalo. Padri alisimamisha mahubiri kwa ajili yako."

Hapo ikanijia picha ambayo sikuwa nimeitazama kwa miaka mingi. Kitanda cha chuma. Chupa ya soda iliyojazwa maji. Bua la mpapai mdomoni mwangu, ncha yake ndani ya chupa, na mapovu yanapanda. Mama amekaa ukingoni mwa kitanda, kanga yake ya njano begani, anahesabu: moja, mbili, tatu. Nikifika kumi bila kupumzika ananipigia makofi. Nilikuwa nimeihifadhi kumbukumbu hiyo kama mchezo mtamu kuliko yote ya utoto wangu, kwa sababu mama alikuwa mtu wa kazi na hakuwa na muda wa kucheza. Ni pale tu, mara moja, alipocheza nami mchana kutwa.

Mikumi tulifika saa tano. Mji umenyooka kando ya barabara kuu, malori yanakwenda na kurudi Zambia, na mabanda ya chakula yamezidi. Baba Shukuru alinishusha mlangoni pa hospitali, akaniombea heri, akageuza. Nilipata chumba kwenye gesti ya karibu, nikaoga, nikavaa gauni langu zuri nikaenda kwenye chumba cha kumbukumbu.

Mtunza kumbukumbu aliitwa Festo, mtu mtaratibu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema madaftari ya zamani ya wagonjwa wa kifua kikuu yapo, wanayatunza, lakini lazima tuyapitie kwa mkono kwa sababu sikujua mwezi. Tuliyapitia mchana ule na kesho yake asubuhi. Karatasi zilikuwa za manjano, mwandiko wa wino wa bluu, majina ya watu wa Kidodi, Ruaha, Ulaya, Kilosa. Wengine walikuwa na alama ya kupona, wengine alama ya msalaba. Nilisoma kila jina. Veronika Daudi hakuwemo.

Festo alirudia mwaka uliotangulia na uliofuata. Hakuna. Akafunga daftari, akaniambia taratibu kwamba hapa sikutibiwa kifua kikuu.

Nitakiri nilichofanya. Nilimwomba aniandikie barua hivyo hivyo, aseme nilitibiwa na nikamaliza dozi. Nikamwambia habari za Zawadi, za miezi saba, za siku arobaini. Nikamwambia hakuna atakayejua.

"Dada yangu, nakuhurumia," akasema. "Ila siwezi kuandika nisichokiona. Mimi kazi yangu ni kilichoandikwa."

Nilimchukia kwa muda wa kama robo saa. Nilikwenda kukaa kwenye benchi la nje, nikatoa simu nimwandikie Zawadi kwamba basi, amtafute mama mwingine wa kumkanda. Nikaandika, nikafuta.

Akapita muuguzi mtu mzima, mnene, anayetembea kwa kuburuta kandambili. Nikamwamkia kwa sababu ya mvi zake. Akaitikia, akatazama macho yangu, akakaa. Alisema anaitwa Nesi Paulina, anakaribia kustaafu, alianza kazi hapa akiwa msaidizi wa wodi, na hajawahi kuona mtu akilia kwenye benchi lile bila sababu. Nikamweleza. Kisha, kwa kuwa sikuwa na la kutafuta tena, nikaanza kumsimulia mama yangu. Kanga ya njano. Kuhesabu. Chupa na bua la mpapai. Nilimsimulia kwa hamu tu, kama unavyomsimulia mtu safarini.

Nesi Paulina akanishika mkono.

"Subiri. Ulikuwa unapuliza kwenye chupa ya maji?"

"Ndiyo. Ya soda."

"Mama yako akihesabu?"

"Mpaka kumi."

Akaniuliza kama nina kovu ubavuni. Nikainua mkono nikamwonyesha pale pale kwenye benchi, sikujali wapitaji. Akaligusa kwa kidole gumba, akatikisa kichwa, akacheka kicheko cha mtu aliyekutana na jamaa yake.

"Wagonjwa wa kifua kikuu hatukuwapa mabua. Mabua tuliwapa watoto wa kichomi, wale waliojaa usaha kwenye mapafu tukawawekea mrija. Mrija ukitoka, pafu limesinyaa, lazima lipulizwe lifunguke. Maputo hatukuwa nayo. Mipapai ilikuwa nyuma ya jiko. Wewe hukuwahi kuwa na kifua kikuu, mwanangu. Mnatafuta kwenye daftari siyo."

Nikamwambia kwamba kule niliulizwa kama niliwahi kuugua kifua, nikakubali.

"Na ulisema kweli," akasema. "Kifua uliugua. Uliulizwa neno moja, wakaandika mawili."

Saa nane mchana Festo alileta daftari la thieta, la waliofanyiwa upasuaji. Hakuhitaji kutafuta sana. Mwezi wa tano, mstari wa nne kutoka chini: Veronika Daudi, miaka sita, Kilangali. Kichomi, usaha kifuani upande wa kulia. Mrija. Siku ishirini na tatu. Ameruhusiwa, mzima. Na kwenye safu ya mwisho, ile ya maelezo, mtu alikuwa ameandika kwa herufi ndogo: mama amefundishwa kupulizisha, anafanya mara kumi kwa siku.

Festo alinisomea kwa sauti kwa sababu mimi nilishindwa. Mara kumi kwa siku. Kwa hiyo haukuwa mchezo. Mama alikuwa kazini muda wote ule, pengine na hofu kuliko siku yoyote ya maisha yake, na alinificha hofu hiyo kwa makofi. Miaka arobaini nimemkumbuka kama mtu aliyewahi kucheza mara moja tu. Sasa najua hata mara hiyo moja alikuwa ananiponya. Nilimkosa mama pale kuliko siku tuliyomzika.

Nilimwomba Festo radhi kwa niliyomwambia asubuhi. Akasema hakusikia chochote.

Kesho yake daktari alipanga picha yangu mpya ya kifua kwenye taa, akanionyesha kivuli kilipo, chini kabisa ya pafu, palepale mrija ulipopita. Akaandika barua kurasa mbili, akaambatisha nakala ya mstari ule wa daftari, akapiga muhuri. Nesi Paulina alinisindikiza hadi kituoni. Mkononi alikuwa na bua la mpapai, amelikata nyuma ya jiko. Akasema nilipeleke kwa mjukuu, akikua.

Mchana huo nilipanda basi la Morogoro. Barabara inapita katikati ya hifadhi, abiria wote wakageukia madirisha kuwatazama tembo waliosimama kwenye nyasi, na mimi nikampigia Zawadi. Nilimweleza habari ya neno lile. Akaniomba nirudie tangu mwanzo.

"Kwa hiyo mama, ulifukuzwa kwa ugonjwa wa kutafsiriwa," akasema.

Tulicheka, halafu tukalia, halafu simu ikakata. Morogoro nilipanda treni, na jioni nilikuwa Dar es Salaam. Siku ishirini na sita zilikuwa zimepita.

Barua na vipimo vilifika kwa mwanasheria siku ya thelathini. Kisha tukangoja. Kungoja hakuna cha kusimulia. Zawadi aliingia mwezi wa tisa, na mimi nilikuwa ninaosha vyombo vilivyo safi. Nilishajua kwamba wanaweza kukataa hata kweli ikiwa na muhuri. Jibu lilipokuja, lilikuwa mistari mitatu: zuio limeondolewa, niruhusiwe kuingia, nipimwe upya mpakani. Lilikuja siku tano baada ya Zawadi kujifungua mtoto wa kike.

Kwenye uwanja wa ndege wa huko walinipeleka chumba cha afya. Mkalimani safari hii alikuwa mwanamke. Akafungua jalada langu, akaniuliza kwa sauti ile ile ya ofisini, "Umewahi kuugua kifua?"

Niliweka begi chini. Nikamwambia aandike polepole. Nikamwambia kifua ni mahali, si ugonjwa. Kwamba nikiwa na miaka sita nilipata kichomi, kikajaa usaha, kikatokea ubavuni, na mama yangu akanipulizisha mara kumi kwa siku mpaka nikapona. Akaandika yote. Kisha akaniuliza nini kile kinachochungulia kwenye begi, kikavu na kirefu. Nikamwambia ni dawa.

Kwa Zawadi nilifika siku ya tisa. Alinifungulia mlango akitembea kwa kushika ukuta, jinsi anavyotembea mzazi ambaye hajakandwa, na mtoto amelala begani kwake.

"Umechelewa, mama," akasema.

"Nimebakiwa na siku thelathini na moja," nikamjibu. Nikavua viatu, nikamuuliza sufuria kubwa iko wapi, nikabandika maji.